Picha Zetu Tuziweke Wapi?

(Maneno ya somo lililosomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima ya Ufipa. Mwalimu awasomee wanafunzi kwanza, polepole, kisha wasome wenyewe.)

  

Juma lililopita niliwaomba kila mmoja aje darasani na simu yake. Asiye na simu aketi karibu na mwenziwe. Leo hatutapiga simu. Leo twataka kusema habari za picha zilizomo ndani ya simu hizo: namna ya kuzipanga, namna ya kuzitengeneza, na namna ya kuziweka akiba zisipotee. Tena twataka kujua ni programu ipi ya kuchagua kwa kazi hiyo, maana programu ni nyingi, na kila moja hujisifu kuwa ndiyo bora.

Nianze na habari yangu mwenyewe. Mwaka 2016, wakati wa mavuno, nilimpiga mama yangu picha. Alikuwa amesimama mbele ya ulezi wake aliokwisha kuupura, ungo mkononi, naye anacheka kwa sababu nilimwambia avue kilemba akakataa. Mwaka 2018 akafariki. Picha ile ilikuwa ndani ya simu yangu, nami niliitazama karibu kila siku. Mwaka 2019 simu ikakataa kuwaka. Nikaipeleka kwa fundi. Akaishughulikia nusu saa, akanirudishia inawaka kama mpya. Na kweli ilikuwa mpya: hapakuwamo jina hata moja, wala namba, wala picha. Fundi akaniuliza, "Kwani mzee, hukuwa umehifadhi mahali?" Sikuelewa hata anauliza nini.

Jirani yangu mmoja aliniambia kwamba simu imerogwa. Lakini sisi tunakaa Sumbawanga, na jina hilo wazee hulifasiri kuwa "tupa uchawi". Basi na uchawi huo wa simu tuutupe. Simu yangu haikurogwa. Mimi niliweka kitu changu cha thamani mahali pamoja tu, na mahali pale pakaharibika.

Ninyi ni wakulima, jambo hili mnalijua kuliko mimi. Nani kati yenu huweka mbegu yake yote katika kihenge kimoja, tena chenye panya? Lakini picha ya harusi, picha ya mtoto aliyezaliwa, picha ya jiwe la mpaka wa shamba, picha ya cheti, zote twaziacha ndani ya kitu kidogo kinachotumbukia katika ndoo ya maji, kinachoibwa kwenye basi, kinachochezewa na watoto.

Sasa tuangalie kazi zenyewe. Kupanga ni kazi moja. Kutengeneza ni kazi nyingine. Kuweka akiba ni kazi ya tatu, nayo ndiyo kubwa. Watu wengi huanza na ile ya kutengeneza kwa sababu inapendeza: uso unang'aa, rangi zinakolea. Mimi nasema tuanze na akiba. Picha yenye giza iliyopo ni bora kuliko picha nzuri iliyopotea.

Kwanza lazima tujue uzito wa picha. Picha hupimwa kwa megabaiti. Picha moja ya simu za siku hizi huwa na megabaiti 2, 3, hata 5, kwa kadiri ya simu. Megabaiti 1,000 hufanya gigabaiti 1. Chukueni kalamu. Kama picha moja ni megabaiti 3, gigabaiti 1 itabeba picha ngapi? Gawanyeni 1,000 kwa 3. Mtapata kama picha 330. Basi flashi ya gigabaiti 16, ile ndogo inayouzwa madukani, hubeba picha kama 5,000. Video ni kitu kingine. Dakika chache tu za video hula nafasi ya picha mia.

Sasa twende kwenye programu.

Wenye simu za Android, nao ndio wengi kwetu, watakuta Google Photos imo tayari ndani ya simu. Programu hii ilitolewa mwaka 2015. Hufanya kazi zote tatu kwa kiasi chake: hupanga picha kwa tarehe, huweza kuzitengeneza kidogo, nayo hupeleka nakala katika kile watu wanachokiita wingu. Wingu hili silo lile linaloshuka asubuhi juu ya milima ya Mbizi. Ni kompyuta kubwa za kampuni, zilizo mbali, ambazo simu yako huzifikia kwa intaneti. Simu ikipotea, unanunua nyingine, unaingia kwa jina lako na neno la siri, na picha zako unazikuta.

Ni msaada mkubwa, wala siwezi kuukataa. Lakini yako mambo manne ambayo muuza simu hakuambii.

La kwanza ni nafasi. Zamani programu hii ilipokea picha bila kikomo na bila malipo, mradi ikubaliwe kuzipunguza ukubwa kidogo. Tangu tarehe 1 Juni 2021 mambo yamebadilika. Sasa unapewa gigabaiti 15 bure, na ndani ya hizo zimo pia barua pepe zako na mafaili yako mengine. Zikijaa, nakala hazipelekwi tena mpaka ulipe au upunguze. Simu hukuandikia maneno madogo ya kukujulisha, na asiyesoma hupita tu. Ninyi sasa mnasoma. Yasomeni.

La pili ni bando. Kupeleka picha 200 zenye megabaiti 3 kila moja ni megabaiti 600. Hesabuni hiyo ni bando la siku ngapi kwenu. Kwa hiyo ingieni katika mipangilio ya programu, mwamuru ipeleke picha pale tu panapokuwa na waifai. Ukifika mjini kwa ndugu mwenye waifai, au shuleni, au ofisini, iache simu ifanye kazi yake wakati mnazungumza.

La tatu limewaliza wengi. Mtu anaona simu imejaa. Anasema, picha zangu zimo winguni, basi ngoja nizifute humu. Anazifuta ndani ya Google Photos yenyewe. Kumbe simu na wingu wameshikana mikono: ukifuta huku, na kule kumefutika. Picha iliyokwisha kupelekwa winguni hukaa katika pipa la taka siku 60, kisha huondolewa kabisa. Iko amri nyingine ya kuongeza nafasi, ambayo huondoa nakala iliyo ndani ya simu na kuiacha iliyo winguni. Hizo ni amri mbili tofauti. Soma neno kwa neno kabla ya kidole kugusa.

La nne ni neno la siri, na hapa nitakaa kidogo. Wengi wenu mlipонunua simu mlifunguliwa akaunti na kijana wa dukani. Yeye ndiye aliyeandika jina, yeye ndiye aliyechagua neno la siri, na wakati mwingine aliweka namba yake mwenyewe. Mlitoka dukani mmefurahi. Sasa niulize: neno hilo mnalijua? Kama hamlijui, basi wingu hilo si lenu. Ni sawa na mtu kujenga ghala akamwachia mpita njia ufunguo. Simu ikiibwa, picha zitakuwa salama kabisa huko ziliko, nanyi hamtaziona. Mwalimu wa darasa, nakuomba: tumia kipindi kizima cha juma hili kumsaidia kila mwanafunzi aone akaunti yake inaitwaje, abadili neno la siri, aweke namba yake mwenyewe, kisha aliandike neno lile kwa mkono wake katika daftari. Daftari likae sandukuni pamoja na hati za shamba, lisizungushwe sokoni.

Tena, kampuni hiyo imetangaza kwamba akaunti isiyotumiwa kwa miaka miwili yaweza kufutwa na vilivyomo. Kwa hiyo picha za mzee aliyefariki zisiachwe katika akaunti yake peke yake. Wanawe wazinakili mapema.

Wenye simu za iPhone wana wingu lao, iCloud, nalo hutoa gigabaiti 5 tu bila malipo. Mengine niliyosema yawahusu nao.

Je, WhatsApp si akiba? Swali hili huulizwa kila mara. Jibu langu ni kwamba WhatsApp ni mjumbe, si ghala. Unapotuma picha kwa njia ya kawaida, huipunguza ili isafiri upesi. Picha ya mama yangu niliyowaambieni, nilipata kuituma mwaka ule ule kwa binamu yangu aliyeko Mbeya. Nilipomwomba mwaka 2019 akaitafuta, akaipata, akanirudishia. Nilishukuru mno. Lakini ilikuwa ndogo. Nilipoikuza nione uso, macho yakawa mabaka tu. Kilemba kinaonekana, ungo unaonekana. Laiti ningeituma kama dokumenti! Ukibonyeza alama ya kuambatisha ukachagua dokumenti, picha husafiri nzima, na uzito wake wote. Hula bando zaidi, lakini hufika kama ilivyotoka.

Haya, tuje kwenye kupanga. Fungueni picha moja iliyokuja kwa WhatsApp katika simu ya Android, mtazame jina lake. Mtaona kitu kama hiki:

IMG-20240715-WA0003

Msiogope. Someni pamoja nami. Namba nne za kwanza, 2024, ni mwaka. Mbili zinazofuata, 07, ni mwezi wa saba. Mbili za mwisho, 15, ni tarehe. WA ni WhatsApp, na 0003 ni namba ya picha katika mfuatano wa siku ile. Basi mmekwisha kusoma jina la picha! Lakini angalieni: tarehe hiyo ni ya siku ilipofika kwako, siyo lazima iwe siku ilipopigwa. Picha ya harusi ya mwaka 2010 ikitumwa leo, itavaa tarehe ya leo.

Nanyi mkitengeneza folda zenu, fuateni desturi hiyo hiyo ya kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha neno: 2024-07 Mavuno. 2023-12 Ubatizo Laela. Mkianza na mwaka, kompyuta itazipanga zenyewe kwa mfuatano. Mkianza na neno, ubatizo na ukimwona na uvuvi zitakaa pamoja bila maana yoyote.

Tarehe haitoshi. Lazima na majina ya watu. Huko Marekani, karibu na Chicago, kipo chuo kikuu kiitwacho Northwestern. Mwaka 2002 kilinunua mkusanyo wa picha za zamani za Afrika Mashariki, zaidi ya 7,000, za miaka ya 1860 hadi 1960 hivi, nao ukawekwa katika intaneti ili kila mtu autazame. Ni hazina. Lakini katika picha nyingi za namna ile utakuta limeandikwa jina la ofisa wa Kizungu aliyekaa kitini, na hao waliosimama nyuma yake wameitwa wapagazi tu, au wenyeji. Hapana wa kuwauliza tena. Hata huku kwetu, yale matanuri marefu ya udongo waliyoyeyushia chuma wazee wa Kifipa, malungu, mengine yamesimama bado porini. Kijana akienda na babu yake akampiga picha mbele ya ilungu bila kuandika jina la mahali wala la babu, baada ya miaka thelathini itakuwa picha ya mzee na kichuguu.

Kwa kazi ya kuandika majina, mwenye kompyuta, au anayeweza kuitumia ile ya shule au ya ndugu, namshauri programu iitwayo digiKam. Ni ya bure kabisa, haina matangazo, hufanya kazi katika Windows na katika Linux, wala haihitaji intaneti kila siku. Jambo lililonipendeza ni hili: ukiiamuru, huandika majina na maelezo ndani ya faili la picha lenyewe. Picha ikihama kwenda kompyuta nyingine, maneno huhama nayo.

Kwa nini nashikilia jambo hilo? Ilikuwapo programu moja nzuri sana, Picasa, ya Google hao hao. Watu duniani kote walipangia picha zao humo miaka mingi. Mwaka 2016 kampuni ikaiacha. Picha zenyewe hazikupotea, lakini albamu nyingi na kazi nyingi ya kupanga ilikuwa imeandikwa katika daftari la programu, siyo ndani ya picha, na watu wakaanza upya. Kodak nayo, kampuni ambayo mhandisi wake alitengeneza kamera ya dijitali mwaka 1975, ilifilisika mwaka 2012, na ghala lake la picha katika intaneti likafungwa mwaka ule ule. Kama Kodak aliweza kuanguka, nani asiyeweza? Basi ukichagua programu yoyote, uliza swali hili kabla ya mengine: nikitaka kuondoka, nitaondoka na vitu vyangu?

Kutengeneza sitasema mengi. Katika simu, Snapseed yatosha. Ni ya bure, haina matangazo. Kasoro kubwa ya picha zetu ni kumsimamisha mtu mbele ya mwanga, uso ukawa giza. Snapseed huweza kuuangaza uso bila kuiunguza anga. Katika kompyuta iko GIMP, ya bure pia, ila ni ngumu kujifunza. Lightroom hutumiwa na wapiga picha wa kazi, nayo hulipiwa kila mwezi; kama huuzi picha, ya nini? Sharti langu ni moja: usitengeneze juu ya picha ya asili. Hifadhi nakala mpya, ile ya kwanza iache kama ilivyozaliwa. Tena picha za kawaida, zile za JPEG, kila ukizitengeneza na kuzihifadhi upya hupungua ubora kidogo. Na zile programu za kumfanya bibi awe na ngozi ya msichana, sina la kusema, ila mimi mikunjo ya mama yangu naitaka yote.

Tumalizie akiba. Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, aliwafundisha wenzake hesabu rahisi: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja ikae mbali. Kwa mtu wa Ufipa asiye na kompyuta, hesabu hiyo yawezekana hivi. Nakala ya kwanza ni simu yako. Ya pili ni flashi: kuna waya mfupi, au flashi yenye vichwa viwili, inayoingia moja kwa moja kwenye simu nyingi, na programu ya Files ya Google itakusaidia kunakili. Ya tatu ni wingu, au flashi nyingine iliyoko kwa dada yako Mpanda au Tunduma. Nyumba ya nyasi ikiungua, flashi mbili zilizokuwa katika kopo moja huungua pamoja.

Flashi ya akiba isitumiwe kubebea nyimbo, wala isichomekwe katika kila kompyuta ya steshenari. Huko ndiko inakopata virusi, na unarudi nyumbani folda zako zimegeuka kuwa vijialama visivyofunguka. Na umeme wetu mnaujua. Ukikatika katikati ya kunakili kwenye kompyuta, usidhani kazi imekwisha, anza tena. Ukimaliza, fungua picha tano au sita zilizo ndani ya flashi, uzione kwa macho yako zimefunguka, ndipo ufute za simu. Flashi nazo hufa. Mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, zichomekeni mzitazame.

Na ile picha mnayoipenda kupita zote, nendeni mjini mkaisafishe katika karatasi. Kule Unguja, katika Mji Mkongwe, iko studio iitwayo Capital Art, iliyofunguliwa mwaka 1930, na picha zake za karatasi za miaka ile watu wanazitazama hadi leo bila neno la siri na bila umeme. Mimi ile ndogo ya binamu yangu niliisafisha kwa ukubwa wa kiganja tu, maana ikizidi hapo uso unapotea. Nyuma yake nimeandika jina la mama, na Ulezi, 2016.

Kazi ya juma hili. Kila mwanafunzi achague picha moja tu katika simu yake. Aandike katika daftari majina ya waliomo, mahali, na mwaka. Asiyejua jina la mmoja wao, aende akamwulize anayejua, kabla ya Jumamosi. Kisha aihamishe picha hiyo mahali pa pili, popote, na amweleze mwalimu ni wapi.

Somo lijalo tutasoma maneno ya risiti za pesa za simu. Njoni na miwani, wenye miwani. Kwaherini.